Muhula na Msimu

Mahindi ya Trans Nzoia huanza kuvunwa Oktoba, na kufikia Krismasi mengi yamekwisha kupukuchuliwa. Wiki chache baadaye shule zinafunguliwa. Kuanzia Kitale hadi Bungoma kila mzazi anasaka karo katika siku zilezile, na kwa kuwa akiba ya wengi iko ghalani wala si benki, magunia hutoka kwa pamoja na bei huanguka. Ikifika Mei au Juni, mahindi mapya yakiwa bado hayajabeba, mzazi yuleyule huenda sokoni kununua kwa gorogoro kile alichokiuza kwa gunia, na safari hii bei imepanda.

Wachumi Marshall Burke, Lauren Falcao Bergquist na Edward Miguel walilifuatilia jambo hili katika maeneo ya Webuye na Matete kuanzia mwaka 2012. Wakulima walipewa mkopo mdogo wakati wa mavuno, dhamana ikiwa ni magunia yao yenyewe, ili wapate cha kulipia mahitaji ya Januari bila kuuza upesi. Wengi waliyahifadhi mahindi, wakauza bei ilipopanda, na faida waliyoipata ikawa kwa wastani asilimia 29 ya mkopo. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2019. Mkulima aliyeuza Desemba kwa hasara hakuwa mvivu wala mjinga wa soko. Alijua vizuri kwamba bei itapanda. Alichokosa ni fedha za kumvusha Januari.

Nimeanza na mahindi ingawa ninachotaka kukitafakari ni shahada. Katika miji hii miwili wapo watu wanaosoma biashara chuoni huku biashara zao wenyewe zinawangoja mjini: mwenye agroveti, mwenye kisiagi, anayekusanya maziwa ya wafugaji, kijana aliyenunua boda mbili na kuwapa wenzake waziendeshe. Karo ya watu hawa hutoka mfuko mmoja na mtaji. Kijana aliyetoka sekondari akilipiwa karo, zinazopungua ni fedha za mzazi. Mwenye duka akilipa, rafu zake zinabaki na mapengo, na mteja anayekuta pengo leo kesho huanzia kwa jirani.

Wazee humwambia mtu wa namna hii kwamba mshika mbili moja humponyoka. Sikubaliani nao, ingawa naelewa wanachokiona. Wanaona mtu amechoka, duka limeachiwa mpwa asiyejua bei, na matokeo ya mitihani hayafurahishi. Wanadhani tatizo ni idadi ya vitu alivyoshika. Mimi nadhani tatizo ni kalenda, na kalenda hupangwa na watu.

Tumchukue mwanamke mwenye agroveti pale Kiminini, anayesoma chuo chenye mihula mitatu kwa mwaka. Muhula wa Januari unamalizika kwa mitihani Aprili. Mvua za masika huanza kushika mwishoni mwa Machi, na ndizo wiki ambazo Trans Nzoia nzima inatafuta mbegu na mbolea ya kupandia. Wiki hizo chache humpa sehemu kubwa ya mauzo ya mwaka. Mteja wa mbegu hangoji. Udongo ukishaloa anataka kupanda kesho asubuhi, na akikuta mlango umefungwa kwa sababu mwenyewe yuko kwenye mtihani wa uhasibu, atavuka barabara. Muhula wa Septemba nao unaishia Desemba, wakati wateja wake wanavuna, wanalipa madeni waliyochukua kwake Aprili, na wanahitaji dawa ya kuzuia dumuzi. Katika mitihani mitatu ya mwaka ni ule wa Agosti tu unaomkuta na nafasi. Hakuna mhadhiri aliyekaa akapanga kumuumiza. Kalenda ilipangwa kwa ajili ya mwanafunzi ambaye maisha yake yote yako ndani ya chuo, na yeye akaingizwa humo baadaye.

Aliingizwa kwa mlango wa jioni. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha masomo ya kujilipia, yale tuliyozoea kuyaita Moduli ya Pili, na vyuo vingine vikafuata. Kwa miaka kadhaa matawi yalizuka katika miji ya mikoani, mengine ghorofani juu ya maduka, na madarasa ya jioni na ya Jumamosi yakajaa walimu, makarani, askari na wafanyabiashara. Yalisemwa mengi mabaya juu ya matawi yale, na baadhi yalikuwa ya kweli. Lakini kwa mara ya kwanza mtu aliweza kufunga duka saa kumi na moja na kuketi darasani saa kumi na moja na nusu. Kisha matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa 2016 yakatoka, na waliopata C+ kwenda juu wakawa chini ya 90,000, pungufu sana kuliko mwaka uliotangulia. Nafasi za kawaida zinazogharimiwa na serikali vyuoni zikawatosha wote. Vijana ambao wangezikosa na kujilipia hawakuwapo tena, chanzo cha fedha za Moduli ya Pili kikakauka, na matawi kadhaa nchini yakafungwa au yakapungua. Mjadala wa taifa ulihusu madeni ya vyuo. Darasa la jioni la mwenye duka halikuwa na msemaji.

Bungoma sasa ina chuo kikuu chake. Kibabii kilianza mwaka 2011 kama chuo kishiriki cha Masinde Muliro na kikapata hati yake mwaka 2015. Kiko upande wa barabara ya Chwele, kilomita chache kutoka mjini, kwa hiyo matatu ya kutoka Kitale inayopitia Kamukuywa, Kimilili na Chwele inaweza kumshusha mwanafunzi karibu bila kuingia Bungoma kwanza. Kitale ina politekniki ya kitaifa na matawi ya vyuo. Umbali umepungua sana kuliko wakati wa baba zetu. Uliobaki mrefu ni ule umbali kati ya muhula na msimu.

Katika Bungoma hii hii, mwanafunzi mmoja wa biashara alianzisha shirika ambalo leo linajulikana katika nchi kadhaa za Afrika. Andrew Youn, Mmarekani, alikuwa akisoma shahada ya uzamili ya biashara katika shule ya Kellogg ya Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago. Mwaka 2005, kati ya mwaka wake wa kwanza na wa pili, alifika Bungoma na kuzungumza na wakulima. Amesimulia mara nyingi jinsi alivyokuta familia moja inavuna tani mbili kwa ekari na jirani yake anavuna robo ya hizo. Udongo ni mmoja, mvua ni moja. Tofauti ilikuwa mbegu, mbolea kidogo, na namna ya kupanda. Na katika nyumba ile ya mavuno haba, njaa ilikuwa imechukua mtoto.

Mwaka uliofuata, 2006, alihitimu, na mwaka huohuo One Acre Fund, inayowakopesha wakulima wadogo pembejeo na kuwafundisha kuzitumia, ikaanza Bungoma na familia zipatazo arobaini. Miongoni mwa waanzilishi alikuwamo Mkenya John Gachunga. Mwaka 2007 walivuka hadi Rwanda. Baadaye makao makuu yakahamia Kakamega, na idadi ya wakulima ikapita milioni moja. Si kampuni ya kugawana faida: malipo ya wakulima hugharamia sehemu kubwa ya kazi ya mashambani, na michango ya wahisani hujaza kilichobaki. Lakini ina bidhaa, wateja, mikopo, maghala na malori, na mtu aliyeibuni alikuwa bado ana kitambulisho cha mwanafunzi.

Najua wasomaji ambao hadithi hii huwakera kidogo. Kwa nini tofauti kati ya majirani wawili wa Bungoma imngoje mtu wa kutoka Chicago? Ni swali halali na sitaki kulipita mbio. Maafisa wa kilimo waliiona tofauti hiyo miaka mingi, na akina mama walioipanda mistari yenyewe waliiona zaidi. Youn alikuwa na vitu viwili ambavyo wao hawakuwa navyo. Cha kwanza ni kwamba shule yake iliona kuanzisha jambo jipya kuwa sehemu ya masomo, si utoro. Cha pili ni kwamba kama mpango ungeanguka, asingepoteza shamba wala nyumba. Mwaka 2006 shirika la Echoing Green la Marekani lilimpa ufadhili wa kuanzia, na mtu mwenye shahada kama ile hakosi ajira. Aliweza kukosea, na kukosea kusingemla. Sisemi hivyo ili kumpunguzia sifa. Nasema ili tujue ni nini hasa cha kuiga.

Kinachonivuta zaidi ni namna huduma ile ilivyojengwa, kwa sababu kila kipande chake kilibuniwa kumfuata mtu mwenye fedha chache na wakati mchache. Pembejeo zilipelekwa hadi mahali ambapo mkulima angeweza kufika kwa miguu, ili asipoteze siku nzima na nauli kwa ajili ya mfuko mmoja wa mbolea. Mafunzo yalifuata shamba: wakati wa kupanda mtu alifundishwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 25 kati ya mashimo, akaenda kuifanya wiki ileile; mahindi yalipofika magotini ndipo likaja somo la mbolea ya kukuzia. Mkopo ulichukuliwa kwa kikundi, majirani wakidhaminiana, jambo ambalo kina mama wa Bungoma walilizoea katika vyama vyao kabla benki yoyote haijalisikia. Na ulipaji haukuwa na tarehe za kuviziana. Mkulima aliweza kulipa kiasi chochote, wakati wowote anapopata, mradi awe amemaliza msimu ukiisha. Akiuza kuku, analeta mia mbili. Akiuza maharagwe, analeta elfu. M-Pesa ilipoenea, malipo hayo yakahamia kwenye simu na karatasi nyingi zikatoweka.

Sasa weka huduma hiyo kando ya huduma anayopata mwanafunzi mwenye agroveti kutoka kwa chuo kinachomfundisha biashara. Karo inatakiwa kwa mafungu makubwa, na vyuoni kwetu mara nyingi asiyemaliza kulipa hapati kadi ya mtihani. Tarehe zake zinaangukia wiki ambazo fedha zote ziko kwenye mbegu. Somo la mikopo ya wateja linafundishwa muhula ambao hakopeshi mtu, na somo la kusimamia bidhaa ghalani linakuja wakati ghala limeshafungwa. Shahada ya biashara ilisaidia kumfungulia mkulima wa Bungoma mlango wa mkopo unaofuata majira yake, lakini shahada yenyewe, inapotolewa hapa, haimpi mfanyabiashara majira hayo. Tunajua namna ya kumfuata mkulima hadi shambani. Mwenye duka tunamtaka afunge duka aje.

Liko jambo jingine dogo ambalo huniuma kila ninapolifikiria. Programu nyingi za biashara humtaka mwanafunzi apelekwe kazini kwa wiki kadhaa, ile tunayoiita atachimenti. Ni mpango mzuri kwa kijana ambaye hajawahi kushika kitabu cha risiti. Lakini mtu mwenye wafanyakazi watatu, kibali cha kaunti na namba ya kulipia ya M-Pesa hutakiwa wakati mwingine aende kupanga faili katika ofisi ya mtu mwingine ili ahesabiwe kwamba ameiona kazi. Biashara yake, aliyoilipia kodi ya pango mvua na jua, haitambuliwi kuwa mahali pa kazi.

Wapo wanaohitimisha hapo kwamba shahada haina maana, na kwamba soko ndilo shule. Hawa nawapinga kwa nguvu zaidi kuliko wale wazee. Soko hufundisha mambo mengi kwa ukali, lakini kuna mambo ambayo soko halimwambii mtu mpaka amekwisha kufilisika. Chukua kisiagi. Tuseme mota yake ilinunuliwa kwa shilingi 180,000 na inatarajiwa kudumu miaka mitano. Mwenye kisiagi anayehesabu fedha za jioni anaona alichoingiza, anaondoa umeme na mshahara wa kijana, na kilichobaki anakiita chake. Ukweli ni kwamba kila mwaka mota inakula shilingi 36,000 za thamani yake, karibu mia moja kila siku, na mia hiyo si yake hata ikiwa imelala mfukoni mwake. Ikiwa hakuiweka, mwaka wa sita mota itaungua na atauza ng'ombe. Wahasibu huliita uchakavu, ni somo la wiki moja tu darasani, na nimeona jinsi linavyobadilisha uso wa mtu anapolielewa kwa kutumia mashine yake mwenyewe. Yapo mengine ya namna hiyo: kutenga fedha za nyumbani na za duka, kujua kwamba bidhaa iliyolala miezi minne rafuni ina gharama, kujilipa mshahara hata ukiwa mdogo ili ujue kama biashara inakulea au wewe ndiwe unayeilea. Mtu hahitaji kuzaliwa na akili ya pekee kuyajua haya. Anahitaji mwalimu, kalamu, na utulivu wa saa kadhaa ambao kaunta haimpi.

Kwa hiyo ninaitetea shahada, na ninataka ije karibu. Kitale yenyewe imewahi kutuonyesha jinsi maarifa yanavyowekwa karibu na kazi yake. Utafiti wa kuboresha mahindi ulianza hapo mwaka 1955, mahali mahindi yanapolimwa, na mwaka uliofuata Kenya Seed Company ikaanzishwa katika mji huohuo. Watafiti wa Kitale walichukua mahindi ya eneo hili wakayakutanisha na mbegu iliyoletwa kutoka Ecuador, na mwaka 1964 chotara ya H611 ikawafikia wakulima. Mtafiti John Gerhart alionyesha mwaka 1975 kwamba wakulima wadogo wa magharibi mwa Kenya waliikubali mbegu ya chotara kwa kasi iliyozidi ile ya wakulima wa ukanda wa mahindi wa Marekani miongo kadhaa kabla yake. Walioipokea mbegu hiyo hawakuwa wasomi wala wenye mashamba makubwa. Maarifa yalipokuja yamefungwa katika umbo linalolingana na shamba na msimu wao, hawakusita. Kila anayedai kwamba wafanyabiashara wadogo wa huku hawana hamu ya elimu angeisoma historia hiyo kwanza.

Ninachokiomba hakihitaji sheria mpya wala jengo. Chuo kinaweza kuruhusu mwanafunzi mwenye biashara iliyosajiliwa afanye atachimenti yake humohumo, mhadhiri akaja kuikagua kama anavyokwenda kukagua benki. Kinaweza kupokea karo kidogo kidogo kwa simu mwaka mzima na kufunga hesabu mwisho wa mwaka badala ya wiki ya mitihani. Kinaweza kutoa mtihani wa pili mwezi Mei kwa wale ambao Aprili iliwakuta wakiuza mbegu, bila kuwafanya waombe kama wakosaji. Na wanafunzi kumi wenye biashara katika mji mmoja wanaweza kuwekwa kikundi kimoja, wakapokezana kufungua hesabu zao mezani, kwa siri ya kikundi, ili somo la wiki lisomwe kwenye vitabu halisi vya duka halisi. Kina mama wa chama wanaaminiana kwa fedha taslimu. Wasomi wa biashara hawawezi kushindwa kuaminiana kwa daftari.

Nitaambiwa kwamba viwango vitashuka, kwamba mtu atakuja na takwimu za kubuni za duka lisilokuwapo. Hofu hiyo naiheshimu, kwa sababu shahada isiyoaminika inamdhuru kwanza yule aliyeipata kwa jasho. Lakini duka linaweza kutembelewa, na taarifa za M-Pesa haziandikwi na mwanafunzi. Ni vigumu zaidi kudanganya kuhusu ghala ambalo mhadhiri amelikanyaga kuliko kunakili insha kuhusu kampuni ya vinywaji ya nchi nyingine, na insha za namna hiyo tumezisahihisha kwa miaka. Mtihani wenyewe unaweza kuwa mgumu kuliko wa sasa. Mtahiniwa ana magunia arobaini. Karo ya wanawe na yake mwenyewe inatakiwa Januari, broka yuko mlangoni na bei ya Desemba, SACCO iko tayari kumkopesha kwa riba ya kila mwezi, na dumuzi hawalali. Auze magunia mangapi leo, ahifadhi mangapi hadi Juni, akope kiasi gani? Atumie bei za Kitale za miaka mitatu iliyopita na hesabu za duka lake, na aonyeshe njia.